Maswali ya Wasomaji: Pesa Imelipwa, Mfumo Unasema Haijalipwa

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu waliokwisha kuanza kuuza, wenye kampuni changa za teknolojia na wateja wa kweli. Nyingi zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: shilingi yetu inapotelea wapi? Barua nyingine tumezijibu kwa kirefu na nyingine kwa mistari michache, kadiri ya uzito wa tatizo lenyewe.

Habari za kazi, wataalamu. Tunauza mboga na matunda kwa oda za simu hapa Nakuru. Mteja akibonyeza "lipa", ombi la M-Pesa linamtokea kwenye simu, anaweka namba ya siri. Kila wiki tunapata malalamiko: mtu amelipa, ujumbe wa M-Pesa anao, lakini oda yake inasomeka haijalipwa. Na mara mbili tumepeleka mzigo bure. Oda ilisomeka imelipwa kumbe hakuna kilichoingia. Tunakosea wapi? (Muuza mboga, Nakuru)

Tuanze na ule mzigo wa bure, maana chanzo chake kinabashirika hata bila kuiona programu yenu. Seva yenu ikituma ombi la malipo kupitia Daraja (lango la Safaricom la kuunganisha programu na M-Pesa), mfumo wa Safaricom hujibu papo hapo kwa ResponseCode 0. Sifuri hiyo inasema ombi limepokelewa, basi. Wakati huo huenda simu ya mteja haijatoa hata mlio. Matokeo yenyewe huja baadaye kwenye anwani mliyoiandika kama CallBackURL, na ndani yake kuna namba nyingine, ResultCode. Hiyo ndiyo ya kuamini. 0 ni pesa imelipwa. 1 ni salio halitoshi. 1032 mteja ameghairi. 1037 simu haikupatikana, au muda umekwisha mteja hajajibu. 2001 namba ya siri imekosewa. Yaelekea mwandishi wa programu yenu alisoma sifuri ya kwanza akaichukua kuwa ya pili.

Hao waliolipa wakaonekana hawajalipa ni shauri jingine. Majibu yalitumwa, hayakufika, au yalifika yakakuta seva imezidiwa. Angalieni mambo matatu kwa utaratibu huu. Kwanza cheti cha HTTPS (cha usalama wa mawasiliano) cha anwani yenu: kikiisha muda, majibu yote yanagonga mlango uliofungwa, na nyinyi hamtaona kosa lolote upande wenu. Pili, programu inafanya nini majibu yanapoingia. Zipo nyingi ambazo hapo hapo zinatuma SMS kwa mteja, zinapunguza stoo, zinamwarifu dereva, ndipo zinajibu "tumepokea". Huduma ya SMS ikichelewa, kila kitu kinachelewa na muunganisho unakatika. Yaandikeni majibu kama yalivyo kwenye jedwali moja la hifadhidata, jibuni mara moja, kisha kazi nyingine zifanyike nyuma ya pazia. Tatu, oda ikikaa dakika mbili bila majibu, programu iulize yenyewe hali ya malipo kwa kutumia CheckoutRequestID, namba ya kulitambua ombi iliyopewa mwanzoni. Msimtumie mteja ombi jipya kabla ya kuuliza. Hapo ndipo watu wanapokatwa mara mbili, na mteja aliyekatwa mara mbili hata akirudishiwa harudi dukani.

Kuna mlango mwingine wa hasara ambao hamjautaja lakini upo. Majibu yale yale yanaweza kufika mara mbili. Kila malipo yana namba ya risiti ya M-Pesa yenye herufi na tarakimu kumi. Ifanyeni safu hiyo kwenye hifadhidata isikubali kurudiwa, ili jibu la pili likataliwe na hifadhidata yenyewe bila kutegemea umakini wa aliyeandika programu. Na yeyote atakayeijua anwani yenu ya kupokea majibu anaweza kutuma majibu ya uongo yanayosema amelipa. Kwa hiyo kabla ya kuachia mzigo hakikisheni CheckoutRequestID mnaitambua, kiasi kilicholipwa ni sawa na cha oda, na kwa oda kubwa ulizeni hali ya malipo kwa upande wenu.

Halafu kila jioni mtu mmoja alinganishe. Pakueni taarifa ya miamala kutoka kwenye akaunti yenu ya biashara, iwekeni kando ya jedwali la oda, mtenge mafungu matatu: iliyopo pande zote mbili, iliyopo M-Pesa tu, iliyopo kwenye oda tu. Fungu la pili ni madeni yenu kwa wateja. Fungu la tatu ni mizigo ya bure. Mwanzoni mtashangaa mbona hesabu za usiku hazikubaliani: seva nyingi hutumia saa ya kimataifa ya UTC, iliyo nyuma ya saa yetu kwa saa tatu, hivyo malipo ya saa saba usiku wa kuamkia Jumanne yanaandikwa Jumatatu saa nne usiku. Hifadhini muda kwa UTC, lakini ripoti ya siku ikatwe kwa saa ya Afrika Mashariki.

Wasomaji wa Tanzania: M-Pesa ya Vodacom ina mfumo wake wa kuunganisha, na majina ya sehemu hizo ni tofauti. Kanuni ni hizo hizo. Kwenu kuna kazi ya ziada, kwa kuwa mteja mmoja yuko M-Pesa, mwingine Airtel Money, mwingine HaloPesa, na ulinganisho wa jioni ufanywe kwa kila mtandao peke yake kabla ya kujumlisha.

Shikamooni. Tumetengeneza kifaa cha kupima joto kwenye banda la vifaranga. Joto likishuka kinamtumia mfugaji SMS. Tunatumia Arduino Uno, bodi ndogo inayoendesha programu, na SIM800L, moduli ya laini ya simu inayotuma SMS. Mezani kinafanya kazi mara nyingine, bandani kinajizima na kujiwasha kila kikitaka kutuma ujumbe. Tumebadilisha laini, tumebadilisha moduli mara tatu. Tuna oda ya vifaa 40. (Vijana wa vifaranga, Mwanza)

Marahaba. Msinunue moduli ya nne. Tatizo ni umeme.

SIM800L inataka volti kati ya 3.4 na 4.4, na inapendelea kama 4.0. Ikiwa imetulia inakula kidogo sana, ila inapozungumza na mnara inavuta hadi ampea 2 kwa vipindi vifupi mno, chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, mara nyingi kwa sekunde moja. Pini ya 5V ya Uno inazidi kiwango cha moduli, na ikilishwa kutoka USB haiwezi kutoa ampea 2. Pini ya 3.3V iko chini ya kiwango na haina nguvu. Ndiyo maana mezani karibu na dirisha, mnara ukiwa jirani, moduli inatumia nguvu ndogo na inaponea. Bandani mawimbi ni hafifu, inapandisha nguvu ya kurusha, volti inaanguka, inazima. Multimita haitawaonyesha anguko hilo kwa kuwa inasoma wastani, mtaona 4.0 imetulia huku moduli inakufa.

Fanyeni hivi. Chukueni kigeuza volti cha LM2596 chenye kulishwa na adapta ya volti 9 au 12, mkigeuze skrubu yake hadi multimita isome 4.0 kabla ya kuunganisha moduli. Wekeni kapasita ya maikrofaradi 1000, ya volti 10 au zaidi, karibu kabisa na pini za VCC (chanya) na GND (hasi) za moduli. Sentimita mbili, si kumi. Mguu mrefu wa kapasita uende kwenye chanya. Ongezeni kapasita ndogo ya nanofaradi 100 pembeni yake. GND ya moduli, ya kigeuza volti na ya Arduino ziungane zote. Pini ya RX ya moduli, ya kupokea data, haitaki volti 5 za Uno: pitisheni TX ya Uno, ya kutuma data, kwenye rezista ya kiloomu 10 hadi RX, na rezista nyingine ya kiloomu 10 kutoka RX kwenda GND. Mtapata volti 2.5, zinazotosha na haziunguzi.

Nyaya nazo. Zile nyembamba za rangi rangi za ubao wa majaribio ni adui mkubwa hapa. Chukulia waya na viungio vyake vina ukinzani wa omu 0.3 tu. Kwa ampea 2, volti 0.6 zinapotelea njiani, na 4.0 yenu inafika kwenye moduli ikiwa 3.4, ukingoni kabisa. Tumieni waya mnene na mfupi kwa umeme wa moduli, uliochomwa kwa risasi, usiochomekwa tu.

Tazameni taa ndogo ya moduli. Ikimweka kila sekunde moja, bado inatafuta mtandao. Ikimweka mara moja kila baada ya sekunde tatu, imesajiliwa. Tumeni amri AT+CSQ, inayouliza nguvu ya mawimbi, mkiwa bandani kwenyewe: jibu ni kati ya 0 na 31, na 99 ni kwamba haijulikani. Chini ya 10 msitegemee. Toeni antena nje ya kisanduku, na kama banda ni la mabati itoeni nje ya banda.

Sasa hizo oda 40. Tunawasihi msijenge zote. Jengeni kumi, zikae bandani siku 30, na kila kifaa kitume SMS ya "niko hai" mara moja kwa siku kwenye namba yenu. Siku ya tatu mtajua kipi kimenyamaza. Kikubwa zaidi ya vyote, kifaa kiwe na betri yake. Joto la banda hushuka umeme unapokatika, taa za kuatamia zikizima, na kifaa kinachozima pamoja na taa hakijamsaidia mfugaji kitu; vifaranga wa siku tatu hawangoji asubuhi. Seli moja ya litiamu ya volti 3.7 inaweza kuilisha moduli moja kwa moja, kwa kuwa ikijaa inafika 4.2 tu. Wekeni programu itume onyo volti ikifika 3.6, kabla moduli haijazima. Laini zote zisajiliwe kwa jina la kampuni; fundi aliyesajili kwa kitambulisho chake akiondoka, ameondoka na wateja wenu. Na kwa kuwa SIM800L ni ya 2G peke yake, acheni nafasi kwenye bodi ya toleo lijalo kwa moduli ya 4G.

Tunawatumia wafugaji bei za mnada kwa SMS. Ujumbe wetu ni mfupi, herufi 150 hivi, tulihesabu. Lakini bili ya mwezi imekuja mara tatu ya tulivyopanga. Kampuni ya SMS inasema tumetuma ujumbe mwingi, sisi tunasema hapana. (Mratibu, Dodoma)

Je, ujumbe wenu una neno "ng'ombe"? Na aliyeuandika aliuandika kwanza kwenye Word?

SMS moja hubeba herufi 160 kama herufi zote zimo kwenye orodha ya msingi ya herufi za GSM, mfumo wa simu za mkononi. Kiswahili kimebahatika hapo, maandishi yetu yote yamo, hata ile alama iliyonyooka ya ng'. Lakini programu za kuandikia huibadilisha alama hiyo zenyewe kuwa iliyopinda, na iliyopinda haimo. Herufi moja tu ya nje ikiingia, ujumbe mzima unahamia kwenye mfumo mwingine ambako SMS moja ni herufi 70, na ukigawanyika kila kipande kinabeba 67. Herufi zenu 150 zinakuwa 67, na 67, na 16 zilizobaki: vipande vitatu, malipo matatu. Wafugaji wanaona ujumbe mmoja, kwa hiyo hakuna anayelalamika. Mwenye kuumia ni mfuko wenu.

Dawa ni mstari mmoja wa programu unaogeuza alama zilizopinda kuwa zilizonyooka, na deshi ndefu kuwa fupi, kabla ujumbe haujatoka. Emoji ziondoke pia. Halafu hesabuni herufi baada ya kujaza jina la mfugaji na jina la mnada, maana kiolezo chenye herufi 150 kikikutana na jina refu kinavuka 160, na kikivuka kinakuwa vipande viwili vya 153.

Kwa kampuni ya SMS msiombe fidia. Walihesabu sawasawa. Ombeni ripoti yenye idadi ya vipande kwa kila ujumbe, muwe mnaipata kila wiki.

Naomba ushauri. Mimi na mwenzangu tulianzisha kampuni tukagawana hisa nusu kwa nusu, 480,000 kila mmoja. Yeye ndiye aliyeandika programu yote. Baada ya miezi mitano amepata kazi ya mshahara, anaondoka, na anasema nusu yake ibaki pale pale. (Dada wa Arusha)

Pole, dada. Kwa karatasi mliyo nayo sasa, anayo haki ya kusema hivyo. Hisa zilizotolewa zimetolewa. Hakuna mwekezaji makini atakayeweka pesa kwenye kampuni ambayo nusu yake ni ya mtu asiyefanya kazi humo, na hilo mwambie kwa upole, kwa sababu linamhusu yeye pia: nusu ya kampuni isiyoweza kupata mtaji haimfaidii chochote. Mkae na wakili, mkubaliane abaki na sehemu ndogo inayolingana na miezi yake na zilizobaki azirudishe kwa maandishi.

Mngeandika mwanzoni kwamba hisa zinachumwa kidogo kidogo kadiri mtu anavyoendelea kufanya kazi, mambo yangekuwa mepesi. Mpango uliozoeleka ni miezi 48, na mwaka wa kwanza ni wa kungoja. Kwa hisa 480,000 kila mwezi una 10,000. Akiondoka mwezi wa tano, anaondoka bila hisa. Akifikisha mwezi wa 12, anapata 120,000 kwa mkupuo. Akiondoka mwezi wa 20, ana 200,000. Fanyeni hivyo kwa kila mwanzilishi, hata wewe uliyebaki, na hata kama ni ndugu wa tumbo moja.

La haraka zaidi ni programu yenyewe. Kabla hajaondoka asaini hati ya kuhamisha haki za programu kwenda kwa kampuni. Bila hati hiyo unaweza kujikuta unaendesha biashara juu ya kitu cha mtu mwingine. Kisha kaeni siku moja mbele ya kompyuta moja mkabidhiane: jina la tovuti limesajiliwa kwa barua pepe ya nani, akaunti ya seva inalipiwa kwa kadi ya nani, akaunti ya Google Play ni ya nani, hifadhi ya programu, akaunti ya SMS, akaunti ya malipo, saini za benki. Kila moja iingie kwenye barua pepe ya kampuni, nywila ibadilishwe mbele yenu wote. Jina la tovuti ndilo linalosahaulika zaidi, na likiisha muda likiwa kwa mtu aliyekwisha kuondoka, barua pepe zenu zote zinakatika siku hiyo.

Tuna wazo la huduma ya kuwaunganisha mafundi bomba na wenye nyumba. Tusajili kampuni kwanza au tutengeneze programu kwanza? (Kikundi, Mombasa)

Hata kimoja. Chukueni simu moja, mafundi sita mnaowajua kazi zao, na mtaa mmoja. Kwa wiki mbili pokeeni maombi kwa WhatsApp na muandike kwenye daftari: aliomba saa ngapi, fundi alifika saa ngapi, alilipa kiasi gani, na je, mara ya pili alimpigia fundi moja kwa moja akawaruka? Safu hiyo ya mwisho ndiyo itakayoamua kama kuna biashara. Watu wakiwaruka, hakuna programu itakayowazuia. Itabidi mtoe kitu ambacho fundi peke yake hawezi, kama dhamana ya kazi au vipuri kwa bei ya jumla.

M-Pesa yenyewe ilijaribiwa Kenya mwaka 2005 kwa lengo la watu kurejesha mikopo midogo. Waliopewa simu za majaribio wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, na ilipozinduliwa Machi 2007 hilo la kutumiana ndilo lililotangulizwa. Daftari lenu liwe tayari kuona jambo msilolitarajia. Usajili utahitajika mnapotaka namba ya malipo ya biashara, hapo msicheleweshe.

Mwekezaji anatupa dola 50,000 kwa karatasi itakayogeuka hisa baadaye, thamani ya juu kabisa ya kampuni ikiwa dola 500,000. Tunauza asilimia ngapi? Mwingine naye anataka kama hiyo. (Waanzilishi, Dar es Salaam)

Angalieni kama thamani hiyo inahesabiwa baada ya pesa yake kuingia au kabla. Ikiwa ni baada, 50,000 kwa 500,000 ni asilimia 10 kamili. Ikiwa ni kabla, ni 50,000 kwa 550,000, yaani asilimia 9.09. Karatasi maarufu ya aina hii, SAFE, iliyotolewa na Y Combinator, kampuni ya Marekani inayowekeza kwenye kampuni changa, mwaka 2013 ilikuwa ya namna ya pili. Toleo la 2018 ni la namna ya kwanza. Someni mmepewa ipi.

Hatari iko kwenye kujumlisha. Karatasi tatu za aina hii, asilimia 10, 10 na 5, hazigusi hisa zenu leo, hivyo hazionekani. Siku mwekezaji mkubwa akija na kuchukua asilimia 20, zote zinageuka pamoja: waanzilishi wanashuka hadi 75 kwanza, kisha 75 mara 0.8, wanabaki na 60. Tengenezeni jedwali lenye safu ya "kama zote zingegeuka leo" na mlifungue kabla ya kusaini karatasi yoyote mpya.

Wakala wetu wanapiga picha vitambulisho vya wateja na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp ili ofisi ihakiki. Kuna ubaya? (Msimamizi, Kisumu)

Upo, na ni mkubwa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina ya kwake ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kwenye kundi la WhatsApp picha hizo zinabaki ndani ya simu ya kila aliyekuwemo, pamoja na wakala mliyemwachisha kazi mwezi uliopita. Kwa Kenya, taarifa zikivuja na kuwaweka wateja hatarini, mna saa 72 tangu mjue kumwarifu Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Leo hii: fungeni kundi, kila mmoja afute picha mbele ya msimamizi, na muandike nani amefuta lini. Kuanzia kesho wakala aandike namba ya kitambulisho na jina kwenye fomu inayokwenda moja kwa moja kwenye seva. Picha ichukuliwe pale tu sheria ya biashara yenu inapoitaka, isibaki kwenye simu ya wakala, na iwe na tarehe ya kufutwa.